Maji ya Kulinganishia

Mshonaji aliposukuma mlango wa sebule alimkuta baba yake ameketi mezani, mbele yake leso nyeupe iliyonyooshwa kwa pasi, na juu ya leso samaki mdogo wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe, amelala ubavu. Mzee alikuwa akimpima kwa rula ya chuma. Alimpima kutoka mdomo hadi ncha ya mkia, akaandika katika daftari, kisha akamgeuza kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayemgeuza mtoto mchanga asimwamshe, akampima tena upande wa pili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Sentimita saba na nusu." Hakuinua uso. "Mume wa Shangazi ametutoka. Huyu ni wa tano."

Nyuma yake tangi la kioo lilinguruma kwa chini, mngurumo wa pampu ambao mtu huacha kuusikia akishaishi nao. Lilikuwa tangi refu kama mlango uliolazwa, limejaa maji ya chumvi, na mwaka mmoja nyuma lilikuwa na matumbawe ya zambarau, kamba wenye miguu kama nyuzi, na konokono waliosugua kioo mchana kutwa bila kudai shukrani. Sasa matumbawe yalikuwa meupe kama mifupa, na katika jumba lile lote la maji alibaki mkazi mmoja. Mama, enzi za uhai wake, ndiye aliyempa samaki huyo jina la Shangazi, kwa kuwa hakuna mgeni aliyeingia sebuleni bila yeye kuja kwenye kioo kumkagua kuanzia viatu hadi nywele. "Huyo hasalimii," mama alikuwa akisema. "Anatazama umeleta nini." Leo pia Shangazi alikuja, lakini alikuja upandeupande, akihema, kama mtu aliyepanda ngazi nyingi.

"Labda ni maji, baba."

Mzee aliweka rula chini. "Maji?"

Alinyanyuka, akachukua kipimo chake cha chumvi kutoka rafuni. Kilikuwa bomba fupi la chuma, nene kiasi cha kidole gumba. Upande mmoja kilikuwa na tundu la kutazamia, upande wa pili kioo kilichokatwa mshazari na kifuniko chake cha plastiki. Alidondosha matone mawili ya maji ya tangi juu ya kioo, akafunika, akangoja, akamkabidhi binti yake. "Elekeza dirishani. Sema unachokiona."

Ndani ya bomba mshonaji aliona duara, juu buluu, chini nyeupe, na pale rangi mbili zilipokutana palikuwa na namba. "Thelathini na tano."

"Thelathini na tano. Katika kila sehemu elfu za maji, thelathini na tano za chumvi, kama bahari yenyewe. Nimekisawazisha Ijumaa, kama nifanyavyo kila Ijumaa. Maji hayana kosa." Alikifuta kioo kwa kitambaa laini, mara tatu, akakirudisha rafuni. "Samaki nao huzeeka, mwanangu."

Akamfunga Mume wa Shangazi ndani ya leso, akaenda naye kibarazani kumzika katika chungu cha maua.

Kwa miaka thelathini na moja mzee huyu alikuwa mkaguzi wa mizani na vipimo. Wauzaji sokoni walimwita Bwana Nukta, na walisema kwamba siku akipita, hata nzi aliyetua kwenye mizani huomba radhi akaondoka. Hakuwa na ukali wa maneno. Alikuja na sanduku lake la mawe ya shaba, akayapanga moja moja, akapima mara tatu, kwa sababu mizani haihukumiwi kwa kosa moja. Kisha, ikiwa mizani ni mbovu, akaigonga muhuri mwekundu mbele ya watu wote. Alisema ukweli ni kama dawa, haunyweki kwa kujificha. Watu walimheshimu. Kupendwa ni jambo jingine, na sidhani aliwahi kulitafuta.

Binti yake wa pekee aliupata muhuri huo naye. Wiki ya kwanza alipofungua chumba chake cha kushonea, miaka kumi na miwili iliyopita, baba alikuja kumpongeza, akaikuta futi ya kupimia ikining'inia shingoni mwake. Aliivua, akailaza mezani kando ya rula yake ya chuma, mbele ya wateja watatu. "Futi hii imevutika," akasema. "Inasema uongo kwa nusu inchi."

"Lakini nguo zangu zinawakaa watu, baba. Mwili naupima kwa futi hii, na kitambaa nakikata kwa futi hii hii."

"Uongo ukilingana na uongo mwenzake hauwi kweli."

Akaikata vipande viwili kwa mkasi wa binti mwenyewe. Wateja walicheka. Mmoja wao, aliyekuwa ameleta kitambaa cha gauni la arusi, alikikunja akaondoka nacho. Baba aliona ametenda wema, tena wema mkubwa. Alirudi siku ya pili na futi mpya, akashangaa kuona haipokelewi kwa furaha.

Tangu hapo mshonaji alikuwa akija kwa wazazi wake kwa ajili ya mama. Mama alipofariki, miaka mitatu iliyopita, alianza kuja kwa ajili ya watu wasije wakasema. Jumapili moja kwa mwezi alipanda ngazi, akanywa chai, akaosha kikombe, akashuka. Kwa hiyo alasiri ile, baba alipokuwa kibarazani akifukia, hakuweza kueleza ni kitu gani kilichomfanya achukue chupa tupu ya jemu, achote maji ya tangi, aifunike na kuitumbukiza mkobani. Pengine ni vile Shangazi alivyokuwa akihema. Alikuwa samaki wa mama, naye ndiye aliyekuwa amebaki.

Kesho yake asubuhi alikwenda kwenye duka la samaki wa mapambo, chumba chembamba kilichobanwa kati ya fundi viatu na muuza simu, matangi yamepandana hadi darini. Mwenye duka alikuwa mwanamke mnene mwenye mikono isiyokauka, ambaye wateja walimbatiza Mama Mapezi naye akalipenda jina hilo hadi akaliandika mlangoni. Aliipokea chupa ya jemu, akaiinua kwenye mwanga, lakini hakuipima papo hapo. Kwanza alitoa kichupa kilichofungwa kwa lakiri, akadondosha matone mawili katika kipimo chake, akachungulia, akazungusha skrubu ndogo kwa bisibisi.

"Haya ni maji ya kulinganishia," alieleza. "Yametengenezwa yawe thelathini na tano kamili, hayapungui hayazidi. Kwanza unakiuliza kipimo kama kina akili timamu, ndipo unakiuliza habari za wengine."

Kisha akapima maji ya chupa. Akasuuza kioo, akakausha, akapima tena.

"Mdogo wangu, haya umeyatoa wapi? Kwenye mashimo ya chumvi?"

"Kwa baba yangu."

"Baba yupi?"

"Alikuwa mkaguzi wa mizani. Mzee mrefu, miwani yake ina kamba."

Mama Mapezi aliweka kipimo chini. "Arobaini na nne? Kwa Bwana Nukta?" Alitikisa kichwa. "Maji hupaa, dada, chumvi haipai. Tangi likipungua unaongeza maji matamu. Ukiongeza yenye chumvi unarundika chumvi juu ya chumvi, mpaka viumbe wanakauka wakiwa ndani ya maji. Mzee anayajua haya kunishinda mimi. Kipimo kingemwambia."

"Kipimo chake kinasema thelathini na tano."

"Basi amekisawazisha na kitu kisicho sawa. Maana maji ya kulinganishia hajanunua kwangu tangu..." Akakatiza. Alijifuta mikono kwenye aproni, ingawa haikuwa na sehemu kavu.

"Tangu lini?"

"Ni miezi mitano sasa. Alikuja asubuhi, tukapiga soga, akachukua dumu lake dogo la maji hayo, kama kawaida yake. Haikupita saa nzima akarudi. Salamu zile zile, utani ule ule kuhusu mizani yangu ya chakula cha samaki, akaomba dumu la maji ya kulinganishia. Mimi nikadhani ananichezea. Nikacheka, nikamwambia, 'Mzee, si umelichukua sasa hivi?' Na wateja wakacheka." Mama Mapezi alitazama sakafu. "Akaitazama mikono yake, huu, kisha huu, kama anayelitafuta humo. Akasema, 'Nilikuwa nakujaribu.' Akatoka. Dumu lenyewe tulilikuta kwenye benchi la fundi viatu. Nikamwekea. Hajarudi. Siku hizi akipita mtaa huu hupita upande wa pili."

Aliingia nyuma ya pazia, akarudi na dumu la lita mbili lililoshika vumbi mabegani. Akalipangusa kwa kiganja, akalisukuma mezani pamoja na kichupa kitupu cha kudondoshea.

"Ningemwambia nani? Maradhi ya mtu mzima huwezi kuyatangaza dukani. Yashushe maji polepole, lakini. Siku moja namba moja, zikizidi sana mbili. Ukiyashusha kwa pupa utamwua huyo aliyebaki."

Njiani kurudi, jambo la kwanza ambalo mshonaji alilihisi lilikuwa furaha, na furaha hiyo ilimtia aibu kabla hajafika kwenye njia panda. Ilikuwa ndogo na kali kama pini iliyosahauliwa kwenye pindo. Arobaini na nne. Alijiona akilitamka neno hilo sebuleni, akiliweka mezani kando ya rula ya chuma. Miaka kumi na miwili alikuwa amelibeba jibu lisilokuwa na swali, na sasa swali limekuja lenyewe.

Lakini dumu lilikuwa zito. Alilihamisha mkono wa pili, na katika kusimama huko kidogo alianza kukumbuka mengine. Mwezi uliopita baba alimwuliza mara tatu kama chai ina sukari. Mwezi uliotangulia alimfungulia mlango akiwa amevaa kiatu cheusi mguu mmoja na cha kahawia mguu wa pili, naye alicheka, akawasimulia wateja wake, nao wakacheka. Kila mara alikuwa ameona. Aliona kama mtu aonavyo uzi uliochomoza kwenye nguo ya mpita njia, jambo la mwenye nguo.

Alipofika, mzee alikuwa amesinzia kitini. Mshonaji alilifungua daftari. Kurasa za zamani zilijaa namba zisizotulia, thelathini na nne, thelathini na sita, thelathini na tano na nusu, na pembeni, katika safu ya maelezo, sababu ya kila moja kwa mwandiko ulionyooka: joto limezidi, nimeongeza maji matamu lita moja, nimesafisha pampu. Halafu, kuanzia miezi mitano iliyopita, 35. Kesho yake 35. Ukurasa mzima 35, na ukurasa wa pili, na wa tatu, na safu ya maelezo tupu.

Chini ya sinki jikoni alilikuta dumu la zamani la maji ya kulinganishia, kavu, buibui amejenga mdomoni. Rafuni, kando ya kipimo, kilikuwapo kichupa ambacho mzee alikuwa akikijaza kutoka dumu hilo kila Ijumaa, kwa maana alikuwa na sheria yake kwamba maji hayo yasikae kichupani zaidi ya wiki. Dumu lilikuwa limekauka. Kichupa kilikuwa kimejaa. Alikiinua kwenye dirisha, akaona ndani yake unyuzi wa kijani ukiyumba, mwembamba kama uzi wa kudarizi. Hakuhitaji kuwa mkaguzi. Kila Ijumaa baba yake alikuwa akichota maji ya tangi, akayaita thelathini na tano, akakizungusha kipimo hadi kikubali, kisha akalipima tangi kwa kipimo hicho, na tangi likajibu kile lilichoambiwa. Maji yalipopungua, alichanganya mapya yenye chumvi, akayapima kwa kipimo kile kile.

Alikaa kitako sakafuni jikoni. Ile pini ya furaha aliitafuta, hakuiona tena. Kumwambia alijua hataweza. Na kutomwambia, Shangazi atakufa.

Alikijaza kichupa kipya kutoka dumu jipya, akakificha mkobani, akaenda kumgusa baba yake bega.

"Baba, nifundishe kukisawazisha kile kipimo."

Mzee alifumbua macho. Alimtazama muda mrefu hadi mshonaji akahofu kwamba hatambuliwi. "Wewe unataka kujifunza?"

"Nataka."

Katika maisha yake yote hakuna mtu aliyekuwa amemwomba jambo hilo. Walimwomba kinyume chake. Alisimama kama aliyeitwa kazini. Alitandika taulo mezani, akapanga vitu vyake kwa mstari: kipimo, bisibisi, mrija wa kudondoshea, kichupa. "Na kitambaa. Bila kitambaa kikavu unapima chumvi ya jana." Akaenda chumbani kukichukua. Mshonaji akabadilisha vichupa. Cha zamani akakitumbukiza mkobani.

Mzee alirudi, akafundisha. Hakuwa na kosa hata moja. Alionyesha jinsi ya kudondosha bila kuacha kiputo cha hewa, jinsi ya kufunika, na kwa nini lazima kungoja nusu dakika ili maji na kioo vielewane joto. Alihesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza. Akaelekeza dirishani, akachungulia.

Akashusha kipimo. Akakifuta. Akarudia. Akakifuta tena, akarudia mara ya tatu, kama alivyowafanyia wauzaji wote wa soko lile.

"Kinasema ishirini na sita," alisema kwa sauti ndogo. Akachukua bisibisi, akazungusha skrubu kidogo kidogo hadi mstari ukakaa kwenye thelathini na tano. Halafu, bila kuambiwa, akachota maji ya tangi.

Pampu ilinguruma. Shangazi alikuwa amekuja kwenye kioo.

"Arobaini na nne," alisema Bwana Nukta.

Alikaa. Akakinyanyua kichupa, akakipima uzito kiganjani, akatazama shingo yake safi. "Hiki si changu. Changu kiko wapi?"

Mshonaji alikitoa mkobani. Mzee alikielekeza kwenye mwanga, na unyuzi wa kijani ukaogelea ndani yake.

"Haya ni maji ya tangi." Alisema kama asomaye. "Nani aliyajaza humu?"

Hapo ndipo binti alipoyasikia maneno yakimtoka kabla hajayakata kwa kipimo chochote. "Mimi, baba. Nilipokuja siku ile nikawa napangusa vumbi, nikakiangusha, yakamwagika. Nikaogopa kukuambia. Nikajaza ya tangi."

"Wewe."

"Mimi."

"Siku gani?"

"Sikumbuki."

Mzee alimwangalia kwa jicho ambalo wauzaji wote wa soko lile walilijua, jicho lililokuwa likiona chembe ya madini ya risasi iliyobandikwa chini ya sahani ya mizani. Mshonaji alihisi shingo ikimwaka kama alivyohisi miaka kumi na miwili nyuma. Kisha mzee akakigeuza kichupa mkononi. Ubavuni kilikuwa na kibandiko cha karatasi. Alikitazama kibandiko hicho, na kitu fulani usoni pake kikashuka, kama pazia ambalo pini zake zimeng'oka. Akakifunika kwa kidole gumba.

"Basi," alisema hatimaye. "Vitu humwagika."

Akavuta daftari. Akaandika 44. Akaisogeza kalamu kwenye safu ya maelezo, ikasimama hapo, ikaacha nukta nyeusi, na zaidi ya nukta hiyo hakuandika kitu.

Mzee alipokwenda kunawa, mshonaji alikichukua kichupa kile cha zamani akakisoma. Kwenye kibandiko palikuwa na orodha ya tarehe, moja chini ya nyingine, zote za Ijumaa, zote kwa mwandiko ule ulionyooka, na mbele ya kila tarehe neno moja: *kimejazwa*.

Wiki ile hakurudi kwake. Aliwapigia wateja wenye nguo za haraka akawaomba radhi, akalala katika chumba alichokulia. Kila asubuhi, baada ya chai, walitoa maji bakuli kwa bakuli, wakamimina matamu mahali pake, wakangoja, wakapima. Arobaini na mbili na nusu. Arobaini na moja. Walifanya kazi bila maneno mengi, naye aligundua kwamba mikono ya baba yake inakumbuka mambo ambayo kichwa kimeyaachilia. Mikono haikumwaga tone. Lakini alimkuta amesimama jikoni, mfereji unatiririka, akiutazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina lake. Alimsikia akiuliza kuna siku ngapi mpaka Ijumaa, na siku yenyewe ilikuwa Ijumaa. Mara mbili alimwita kwa jina la mama, na mara ya pili hakumsahihisha.

Siku ya tano Shangazi alikataa chakula. Alilala juu ya mchanga chini ya tumbawe lililokufa, mapezi yakicheza kidogo, na kabla ya adhuhuri yakaacha.

Mzee alimtoa mwenyewe, kwa kiganja. Hakumpima. Alisimama katikati ya sebule, maji yakimtiririka hadi kwenye kiwiko, na mshonaji akaona mabega yake yakianza kutikisika. Siku ya mazishi ya mama alikuwa amesimama wima kama nguzo ya taa, akiwapokea watu mkono. Watu walisema, huyo ndiye Bwana Nukta. Sasa alilia kwa sauti, mdomo wazi, kama asiyejua kilio huwa kinafanywaje.

"Ni mimi," alisema. "Mwanangu, ni mimi."

"Hapana, baba. Ni mimi. Si nilikuambia?"

"Ulinambia." Alimtazama, uso umelowa. "Ulinambia vizuri."

Mshonaji akamshika, akagundua kwamba hakumbuki mara ya mwisho kumshika. Alikuwa mwepesi kuliko alivyokisia. Fundi yeyote wa nguo angesema shati lile limemzidi kwa saizi mbili.

Siku ya sita alidhani shughuli imekwisha. Alikuwa tayari amewaza namna ya kulitoa maji tangi lile, nani wa kulibeba, ukuta ule utabaki na nini. Alipotoka jikoni na vikombe vya chai alimkuta mzee ametandika taulo, amepanga vitu kwa mstari.

"Baba," alisema polepole, "Shangazi..."

"Najua amekufa. Nilimtoa mimi." Alikuwa akikausha kioo. "Maji bado ni thelathini na saba. Hatujamaliza."

Mshonaji akaweka vikombe chini, akachukua bakuli.

Waliendelea, yeye akichota, baba akimimina, mbele ya tangi lisilokuwa na mtu. Siku ya saba, jua la alasiri likiwa limeingia hadi katikati ya zulia, mzee alidondosha matone, akangoja, akachungulia. Alichungulia muda mrefu. Kisha akampa binti yake kipimo.

"Soma wewe. Macho yangu siku hizi yananipendelea."

Alisoma. Buluu ilikaa juu, nyeupe chini. "Thelathini na tano. Na kidogo. Kama robo."

"Basi andika na hiyo robo." Alimsogezea daftari na kalamu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mtu yeyote. Mshonaji aliandika. Mwandiko wake chini ya ule wa baba ulionekana umelala, lakini alijitahidi namba zikae ndani ya mstari.

Mzee aliegemea kitini. Aliyatazama maji, yametulia, safi, mwanga ukipita ndani yake bila kugusa kitu. Uso wake ulikuwa umepata utulivu ambao binti hakuuona siku nyingi, utulivu wa mtu aliyerudi kutoka kazini na hakuna mizani iliyomshinda.

"Mama yako anachelewa," alisema.

Mshonaji alikuwa akifunika kalamu. Vidole vyake vikasita juu ya kifuniko.

"Alisema anarudi saa ngapi?"

Aliutafuta ukweli, ule wa kunywa bila kujificha, akauona uko palepale ulipokuwa siku zote, wazi, unangoja kutamkwa. Akamtazama baba yake, ambaye alikuwa akimtazama kwa imani yote.

"Hakusema, baba."

"Hm." Mzee alitikisa kichwa. "Akija nimelala, umwambie maji yako sawa."

"Nitamwambia."

"Usisahau, mwanangu. Alikuwa na wasiwasi."

"Sitasahau."

Mshonaji akavuta kiti kingine, akakiweka kando ya kile cha baba yake, wakakaa wote wawili kuelekea mlangoni.